Seli Sita na Beseni

Gari lilizimika palepale lilipozimika jana yake, kwenye kimwinuko cha mbele ya bwalo, na Anyitike akalipiga teke gurudumu la nyuma.

"Usilipige," alisema Subilaga, ambaye alikuwa bado amebanwa kwenye kiti cha dereva, magoti yakigusa usukani. "Halijakukosea."

"Limenikosea sana. Jumamosi tuko Mbeya mbele ya majaji. Tutawaambia nini? Kwamba letu linaendeshwa kwa kusukumwa?"

Subilaga alishuka akapuliza vidole vyake. Baridi ya asubuhi ya Rungwe haina adabu, haijali kama una mtihani au una mashindano. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mashamba ya chai hadi uani mwa shule, na bendera haikuonekana. Walilisukuma gari lao kurudi karakana, yeye kushoto, mwenzake kulia, huku wanafunzi wa kidato cha kwanza wakiwasindikiza kwa wimbo wa msiba.

Wimbo ulikuwa wa utani. Gari lenyewe lilikuwa refu na jembamba: fremu ya vyuma vya vitanda vya bweni, rimu za baiskeli, mota ya pampu ya maji iliyostaafu zamani, na katikati sanduku la mbao ambamo mtu mzima angeweza kulala chali. Kwa hiyo shule nzima ililiita Jeneza. Anyitike, aliyelichomelea kwa mikono yake mwenyewe na kuunguza nyusi zote mbili, hakuwahi kuucheka utani huo.

Sanduku lilikuwa sharti la mashindano. Tangu petroli iache kupanda mlimani, wagonjwa waliteremshwa hospitali ya wilaya kwa machela, mabegani mwa wanaume, na si wote waliofika wakiwa hai. Shule zikaambiwa zibuni gari dogo la umeme la kumbeba mtu mmoja aliyelala, lipande na kushuka milima, liundwe kwa vitu vilivyokwisha tupwa. Litakaloshinda litatengenezwa kwa wingi, na waliolibuni watasomeshwa chuo cha ufundi bure. Anyitike alikuwa akikitaja chuo hicho tangu darasa la sita, mpaka mama yake akamwomba apumzike kidogo.

Ndani ya karakana Subilaga alifungua kifuniko cha betri. Seli zilikuwa sita, kila moja na ukubwa wa kiberiti, na kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Alizipima kwa kipimo cha zamani alichopewa na baba yake. Zote zilisoma chini ya thelathini. Ya mwisho, yenye uzi wa kijani, ilisoma ishirini na nne, naye akaishika kiganjani kidogo kabla ya kuirudisha. Ilikuwa ya mama yake.

"Zimekufa hizi," alisema Anyitike. "Baba yako katupatia mizoga, sisi tunataka ikimbie." Kisha akajisikia alichosema. "Nisamehe, Subi. Mdomo wangu huu."

"Najua ulichomaanisha."

Seli zile zilitoka vifuani mwa watu. Kabla Subilaga hajazaliwa ilipita homa ya moyo, na wengi walioponea walibaki na mioyo inayosahau kudunda. Hao walitiwa kidundo: waya unaoingia moyoni, kijimfuko kilichoshonwa chini ya mfupa wa mtulinga, na ndani yake seli ya chumvi inayochomolewa na kuchomekwa kama laini ya simu. Kila baada ya miezi kadhaa seli hupimwa. Ikisoma chini ya thelathini hutolewa, mtu apende asipende, maana zamani zilikuwa zikizimika ghafla na watu wakaanguka barabarani. Mwenye seli hubaki na akiba ya siku chache kwenye waya, hushushwa hospitali, huunganishwa na mashine kubwa, na hapo hungoja seli mpya. Seli mpya zilikuja kwa kudra za Mungu. Mama yake Subilaga alingoja masika yote, kisha umeme wa hospitali ukakatika.

Hospitali ilipokea mtu na cheti chake tu. Seli iliyotolewa ilibaki zahanati, haina kazi. Dokta Asajile, baba yake Subilaga, aliyekuwa mganga pekee wa zahanati ya mlimani, ndiye aliyezifunga sita kwenye gazeti na kuziletea shule. Alisema angalau ziwafundishe watoto kitu.

Na kweli ziliwafundisha.

*

Saa nne jua lilitoka, na mchana karakana ilikuwa na joto kama tanuri. Anyitike alirudi karakana akiwa bado amenuna, akalivuta gari nje, akakaa kwenye usukani na kukanyaga pedali kwa hasira tu, kama mtu anayemkaripia ng'ombe asiyesikia. Gari likaruka. Lilipanda kimwinuko cha bwalo, likapita mlingoti wa bendera, likaendelea hadi kwenye migomba ya mwalimu mkuu, na Anyitike akasahau breki ziko wapi.

Subilaga alilikuta limejikita kwenye mgomba, mwenzake akicheka peke yake.

"Umelifanya nini?" aliuliza Anyitike.

"Mimi? Sijaligusa."

Alifungua kifuniko. Seli zilikuwa zimeshinda kwenye joto la bati la karakana tangu saa nne, vuguvugu kama mayai yaliyotoka kulaliwa. Akapima. Uzi mwekundu, hamsini na tano. Uzi mweupe, arobaini na tisa. Uzi wa kijani, sitini na moja.

"Kipimo kimeharibika," alisema.

Lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kufanya jambo ambalo kichwa kilikuwa hakitaki. Alikwenda kwenye pipa la maji ya mvua, akaizamisha ile ya uzi wa kijani, akahesabu polepole, akaitoa na kuipima. Ishirini na tano. Akaiweka kwapani, ndani ya sweta, akasimama hivyo huku Anyitike akimtazama. Akaipima tena. Ilikuwa imerudi sitini.

Anyitike alipiga makofi. "Baridi! Kumbe ni baridi tu, jamani. Zikipoa zinajifanya zimekufa. Tunazifunga blanketi, Subi, tunaweka chupa ya maji ya moto katikati, basi. Hakuna shule itakayotukamata."

Subilaga alikuwa ameketi kwenye ukingo wa sanduku. Alikuwa akiliona beseni jeupe lenye maua mekundu ukingoni, lililokaa juu ya meza ya baba yake kila siku ya kupima. Kabla seli haijawekwa kwenye kipimo iliogeshwa ndani ya beseni lile, kwenye maji ya chemchemi yaliyolala nje usiku kucha, na ilikaa humo mpaka mwenyewe amalize kufunga vifungo vya nguo. Hakuna zahanati nyingine nchini iliyofanya hivyo. Ilikuwa heshima ya mlima ule, na watu wa mlima ule waliipenda.

"Anyitike," alisema. "Hazikuwa zimekwisha."

"Ndiyo ninachosema."

"Hapana. Nisikilize. Zilipotolewa kwa watu, hazikuwa zimekwisha."

Kicheko kilimtoka Anyitike usoni kidogo kidogo. Alizitazama zile nyuzi sita, na kila uzi ulikuwa na jina ambalo wote wawili walilijua, kwa sababu mlimani pale kila nyumba ilifunga uzi wake ili seli zisichanganyike. Watano walikuwa makaburini. Wa sita, Mzee Lwitiko fundi mabati, mwenye uzi mweupe, alikuwa bado kwenye mashine ya hospitali.

*

Walibishana nyuma ya karakana, kwa sauti za chini, maana madirisha yalikuwa wazi na Mwalimu Gwakisa alikuwa akifundisha fizikia kidato cha tatu. Mwalimu huyu ndiye aliyewasimamia tangu siku ya kwanza, na ndiye aliyewaombea vitanda vibovu kwa mwalimu mkuu. Naye alikuwa na kidundo. Kesho, Ijumaa, ilikuwa zamu yake ya kupimwa.

"Jumapili," alisema Anyitike. "Nakuomba hivyo tu. Tushindane Jumamosi, Jumapili tumwambie Dokta. Mwalimu hata akitolewa seli kesho ana akiba kwenye waya. Atarudishiwa."

"Na Mzee Lwitiko?"

"Kakaa kwenye mashine miezi. Siku mbili zitamfanya nini?"

"Mama yangu naye alikuwa kwenye mashine, na umeme haukuuliza siku."

Anyitike aliinama akaokota kijiwe, akakitupa. "Sikia. Babu yangu alifia machelani. Nilikuwa nimeshika kona moja. Tulikuwa tunateleza kwenye matope, naye anatuomba radhi kwa uzito wake. Hili gari likishinda, hakuna mtu atakayeomba radhi tena. Wangapi hao? Wewe unanihesabia sita, mimi nakuhesabia mlima mzima."

"Kila tukipanda mwinuko tunakula siku za mtu. Seli hizi zina watu wanaozingoja, Anyitike. Wamelala kule chini sasa hivi."

"Najua. Unafikiri sijui?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Lakini wewe hufikirii seli. Unamfikiria baba yako. Unaogopa kumwambia, na unataka mimi nikukataze."

Alikuwa amesema kweli, na Subilaga alimchukia kwa hilo kwa muda. Angetaka Jumapili isifike kabisa. Baba yake alimzika mkewe akaendelea kufungua zahanati wiki ileile, na watu wakasema mtu yule ni nguzo. Alichokuwa amebaki nacho kilikuwa kazi yake na imani kwamba ameifanya sawasawa. Kumwambia ilikuwa kumnyang'anya vyote viwili kwa sentensi moja.

Kengele ililia. Mwalimu Gwakisa alitoka darasani akijifuta chaki, akawaona, akaja taratibu, mkono mmoja ukiwa chini ya mtulinga kama alivyozoea anapopanda ngazi.

"Nasikia Jeneza limefufuka," alisema. "Nani kalipandisha?"

"Jua, Mwalimu," alisema Anyitike.

"Vizuri. Jua halidai ada." Alitabasamu. "Kesho nitachelewa kipindi cha kwanza. Naenda kwa baba yako, Subilaga, kuogeshwa."

*

Jioni, kabla giza halijaingia, alimkuta baba yake kwenye chemchemi iliyo chini ya nyumba yao, amekunja suruali, akijaza ndoo kwa kata. Dokta Asajile hakukubali mtu mwingine ateke maji ya kupimia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoanza kuinama mwaka ule, na alikuwa akiimba tenzi kwa mdomo uliofumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia gari lenu limeingia kwenye ndizi za mwalimu mkuu."

"Mgomba mmoja tu."

"Mwambie nitamlipa kwa panadol." Alicheka, na Subilaga akatambua kwamba hakukisikia kicheko kile tangu masika. "Una nini? Umenywea."

"Baridi."

"Maji haya ndiyo baridi. Tia kidole." Subilaga alitia, akakitoa haraka. "Yakilala nje usiku huwa yanauma mpaka mfupani. Lakini watu wanayapenda. Unajua hapo mwanzo walikuwa wananikimbia? Haki ya Mungu, kama wananiona na kisu."

Alijua. Lakini alimwacha asimulie, kwa sababu muda ambao baba yake alikuwa anasimulia ulikuwa muda ambao yeye hakuwa amesema.

"Kitu kinatoka kifuani mwa mke wa mtu," alisema Dokta Asajile, "kina joto la mwili wake, kinaingia mkononi mwangu. Ilikuwa aibu. Wakaacha kuja, wakawa wanaanguka mashambani. Mimi napiga kelele za sheria, hakuna anayesikia. Mama yako akaniambia, wewe mwanamume, kioshe kwanza. Kikishaoshwa na kupoa si mwili wa mtu tena, ni kifaa. Beseni alitoa yeye, lilikuwa la harusi yetu." Alitua ndoo. "Mimi nimesoma miaka mitatu, sikulifikiria hilo. Yeye aliliona mara moja."

Subilaga alifungua mdomo. Alikuwa amepanga maneno tangu mchana, na yote yalikuwa pale. Baba yake alimpa kata ashike, akajitwisha ndoo begani, akatangulia kupanda kilima huku akiendelea na tenzi zake. Alimfuata nyuma mpaka nyumbani, kata mkononi, na maneno yote akalala nayo.

*

Asubuhi benchi la zahanati lilikuwa limejaa. Walikuwa watu wazima kwa wazee, wamejifunika mablanketi, kila mmoja amevaa uzi wake shingoni au mkononi kuonyesha rangi ya nyumba yake. Mwalimu Gwakisa alikuwa wa kwanza. Subilaga alipoingia, baada ya kuzunguka zahanati nje mara mbili kama mwizi, seli ya mwalimu ilikuwa imeshalala ndani ya beseni, na mwalimu mwenyewe alikuwa akifunga vifungo vya shati.

"Leo huna shule?" aliuliza baba yake.

Alisimama kando ya meza. Dokta Asajile aliitoa seli kwa ncha za vidole, akaifuta kwa kitambaa safi, akaiweka kwenye kipimo. Akatazama muda mrefu kuliko kawaida.

"Ishirini na sita," alisema. "Pole sana, Mwalimu."

Mwalimu Gwakisa alimaliza kifungo cha mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza ratiba ya mitihani, kama angeruhusiwa kumaliza wiki moja darasani kwanza. Dokta alitikisa kichwa na kuvuta droo ya vyeti.

"Baba," alisema Subilaga. "Iweke kwapani."

"Nini?"

"Hiyo seli. Iweke kwapani, ukae nayo kidogo. Halafu pima tena."

Baba yake alikuwa karibu kucheka. Lakini alimtazama usoni, akaacha. Aliiingiza seli chini ya koti lake jeupe, akaibana, akasimama hivyo katikati ya chumba. Nje mtu alikohoa. Mwalimu Gwakisa alilitazama beseni, kisha akamtazama mwanafunzi wake, kisha akafumba macho. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Dokta Asajile aliitoa seli na kuiweka kwenye kipimo.

"Hamsini na nane," alisema.

Aliitoa, akaiweka tena. Hamsini na nane. Alimrudishia mwalimu seli yake kifuani kwa mikono yake mwenyewe, bila kuiosha. Mwalimu aliinuka, akamshika bega. Alitoka nje polepole.

Dokta alilibeba beseni hadi mlangoni, akamwaga maji kwenye nyasi, akaliweka chini kifudifudi. Watu wa benchi waliguna. Akawaambia kwamba leo hakuna kuoga, anayeona aibu amvumilie, na anayefuata aingie.

Alipima wote. Kila seli aliipokea ikiwa na joto lake, akaibana kwapani kwanza kana kwamba haliamini hata joto hilo, kisha akaipima, na kila seli ilivuka mstari. Mama mmoja aliyekuwa ameshaaga watoto wake alipiga magoti. Mwingine akaimba. Ndaga, Dokta. Ndaga fijo, asante sana. Mungu akuzidishie, Dokta. Habari ikatoka hadi barabarani kwamba Mungu ameutembelea mlima, leo hakuna aliyeshushwa hata mmoja. Dokta Asajile aliwaitikia kila mmoja kwa adabu, na kila shukrani ilimwinamisha zaidi, mpaka Subilaga akashindwa kutazama akageukia dirishani.

Wa mwisho alipoondoka, alifunga mlango.

"Nyingine zile," alisema. "Nilizowapa shule."

"Tulizipima jana. Zikiwa na joto."

"Zote?"

"Zote nzima, baba."

Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. Alikaa hapo, mikono juu ya magoti, na Subilaga alipomsogelea aliinua kiganja kumzuia, bila ukali. Baadaye akauliza alichokuwa lazima akiulize.

"Ya mama yako ilisoma ngapi?"

"Ishirini na mbili," alisema Subilaga.

"Ikiwa na joto?"

"Ikiwa na joto. Ile ilikuwa imekwisha kweli, baba. Hiyo peke yake."

Baba yake alimtazama. Alikuwa amezifahamu seli zile miaka mingi kuliko umri wa binti yake, naye alijua mota ya pampu inataka nini ili ipande kilima. Hakubisha.

"Ndaga, mwanangu," alisema.

*

Anyitike alikuwa karakana, amelala ndani ya sanduku la gari lake, anatazama dari. Aliwaona wawili hao mlangoni. Aliinuka, akachukua bisibisi, akafungua kifuniko na kuanza kuzichomoa seli moja baada ya nyingine. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyaficha.

"Ningeshinda, Dokta," alisema. "Nataka ujue hivyo. Ningeshinda."

"Najua, kijana wangu."

"Shikeni, basi. Zifungeni kwenye sweta langu, zisipoe."

Hakukuwa na haja ya seli ili kushuka. Njia ya wilaya ni mteremko mtupu kutoka shuleni hadi mjini, na Jeneza lilikuwa na breki nzuri. Subilaga alishika usukani. Anyitike alisimama nyuma juu ya ekseli, akishikilia kamba. Dokta Asajile aliketi ndani ya sanduku, miguu ameinyoosha, seli tano zimefungwa kwenye sweta mapajani mwake. Ya sita, yenye uzi wa kijani, aliiomba mwenyewe. Aliiingiza kwapani chini ya koti, akaubana mkono wake, na njia nzima hakuuachia, hata gari liliporuka kwenye makorongo na ikambidi ajishike kwa mkono mmoja.

Watu walisimama kando ya chai kuwatazama wakipita. Wengine walipunga mikono, maana habari za asubuhi zilikuwa zimewafikia. Hakuna aliyeimba wimbo wa msiba. Dokta aliwaambia vijana, bila kugeuka, kwamba Jumapili atasimama kanisani kabla ya mahubiri awaeleze watu juu ya beseni, na kwamba Subilaga asije siku hiyo. Subilaga alisema atakuja.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi wa wodi ya mashine, mwanamke mnene mchangamfu asiyemfahamu yeyote kati yao. Nyuma yake vitanda vilikuwa vimepangwa pande mbili, nyaya zikitoka vifuani mwa watu kwenda kwenye sanduku moja kubwa linalonguruma katikati ya chumba. Mzee Lwitiko alikuwa wa tatu kutoka dirishani, amekonda, akijaribu kuinua kichwa aone ni nani aliyekuja.

Muuguzi alifungua sweta, akaanza kupima. Kila moja ilipovuka mstari alitoa sauti ndogo ya furaha. Uzi mweupe ulipelekwa kitandani moja kwa moja. Kisha akanyoosha kiganja kwa Dokta Asajile, ambaye alikuwa bado ameubana mkono wake.

Aliitoa. Ilikuwa na joto la mwili wake. Subilaga alitaka kusema kitu, chochote kile, amcheleweshe yule mwanamke, lakini seli ilikuwa imeshawekwa kwenye kipimo.

"Sitini na moja," alisema muuguzi, akacheka kwa mshangao. "Nzima kabisa hii, inapita zote. Mwenyewe yuko wapi?"

Anyitike alitazama sakafu. Subilaga aliutafuta mkono wa baba yake akaupata, nao ulikuwa wa baridi.

"Niliitoa mimi," alisema Dokta Asajile. "Alikuwa mke wangu."